Wanagenzi wa Miaka Tisa

Maputsoe, 8 Machi 2009

Shangazi 'Mamotebang,

Amani kwako na kwa wote walio huko milimani. Sisi tu wazima. Nthati ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anakataa kucheka mbele ya watu, isipokuwa akisahau. Kifua cha baba yake kimetulia kidogo tangu mvua zipungue, ila kazi bado hajapata tangu mgodi umrudishe. Mpichi wa mama umezaa mpaka tawi moja limevunjika. Nimekuanikia mfuko mzima wa pichi, nitampa dereva wa basi.

Barua yako ya darasa lako la ushonaji niliisoma mara mbili. Wasichana sita, na wote wamehitimu! Unasema utawateremsha mwezi wa tano waje kuomba kazi kiwandani kwetu. Shangazi, nakuomba usiwalete kwanza. Subiri kidogo. Nitakueleza nikipata nafasi.

Jambo jingine, dogo tu. Bahasha zako ziandikie 'Manthati Phafoli, si Puseletso Ramathe. Barua zetu zinapitia getini, na jina hilo ndilo wanalolijua sasa. Tafadhali usisahau.

Mwana wa kaka yako.

*

Mokhotlong, 29 Machi 2009

Puseletso,

Ndani ya barua nitakuita jina alilokupa kaka yangu. Kwenye bahasha nimekutii, kama unavyoona.

Huku tu wazima. Ngano imevunwa, kondoo wawili wameibwa, na padri ametupa ukumbi wa kanisa kwa mwaka mwingine, ingawa analalamika kwamba cherehani zangu zinamkatiza sala. Pichi zimefika. Nusu nimekula mwenyewe, sina aibu.

Sasa tuzungumze. Siku ya harusi yako wakwe walikupa jina la 'Manthati, kama wanavyopewa wake wote wa Kisotho, mama wa mtoto ambaye hata mimba yake haijaingia. Ulinuna wiki nzima. Ulisema nyumbani kwao sawa, lakini kazini utabaki Puseletso mpaka wakuzike. Leo unanisihi nisahau Puseletso? Unamkimbia nani?

Na wasichana wangu wasubiri nini? Kima cha chini cha mshahara kimepanda. Aliyefunzwa analipwa kama aliyefunzwa, hiyo ni sheria, siyo ombi. Nilikaa kwenye ile kamati ya mishahara miezi kumi na moja, mwanamke peke yangu upande wa wafanyakazi, nikibishana na wanaume wenye tai ambao hawajawahi kutunga uzi kwenye sindano. Waliniambia nikipandisha mshahara nitaua mafunzo, hakuna mwajiri atakayemfundisha tena msichana wa mlimani. Niliwashinda. Halafu nikaja huku kufundisha mwenyewe, ili wasipate kisingizio. Nthofeela, yule mkubwa kati ya hao sita, anashona mfuko wa suruali ulionyooka kama rula.

Basi niambie. Na usinijibu kwa habari za hali ya hewa.

Shangazi yako.

*

Maputsoe, 20 Aprili 2009

Shangazi,

Amani. Mtoto mzima, baba yake mzima, mama anakusalimu.

Nitakueleza, na ukimaliza kusoma uichome barua hii.

Mwanzoni mwa Februari walitufuta sote wa laini ya pili ya mashine, mafundi arobaini. Walisema oda zimepungua. Wiki mbili baadaye tukasikia wanaajiri, tukakimbilia getini. Kelello ndiye aliyekuwa pale na daftari. Ni mwanamke mwenzetu, Msotho, alikuwa karani, sasa wamempa cheo cha msimamizi. Akasema wanachukua wanagenzi tu, watu wasiojua kushona kabisa. Unajua sheria: mwanagenzi analipwa chini ya kima kwa miezi sita, kisha anahesabiwa fundi.

Nilipofika mbele yake nikamwambia, "Kelello, unanijua. Nina miaka tisa hapa."

Akasema, "Nilimjua Puseletso. Huyo tumeshamuaga. Wewe si umeolewa, dada? Basi una jina jingine. Na huyo mwenye jina jingine hajawahi kuona cherehani maishani mwake, au nakosea?"

Wanawake nyuma yangu wakaangua kicheko. Mmoja ambaye hajaolewa akauliza, "Na mimi je?" Kelello akamjibu, "Wewe kaolewe, una mpaka saa nne." Tulicheka sana, Shangazi. Tulisimama pale tunacheka, halafu mmoja mmoja tukaingia kutia saini.

Karatasi inasema sijawahi kufanya kazi ya kushona mahali popote. Chini yake imeandikwa kwamba atakayesema uongo atashtakiwa. Niliisoma. Nilitia saini 'Manthati Phafoli.

Tangu hapo najifanya sijui. Hujui ilivyo kazi ngumu kushona vibaya. Mikono haikubali. Nauacha mshono upinde, naufumua, nashona tena, na meneja anapita nyuma yetu na saa yake ya kupimia. Siku moja nilijisahau, nikamaliza rundo zima la mifuko kabla ya mapumziko. Nilipoinua macho Kelello alikuwa ananitazama. Alichukua mikasi akaifumua mifuko yangu mitano, akanirudishia.

Miezi yangu sita inaisha tarehe 23 Agosti, kisha watanifuta tena. Sina jina la tatu.

Usiwalete wasichana. Hawataki wanaojua. Na usimwandikie mtu yeyote. Nakujua wewe.

P.

*

Mokhotlong, 11 Mei 2009

Mwanangu,

Barua yako imechukua majuma matatu, basi liliharibika kwenye kona za juu na mizigo ikakaa kwenye duka la mtu. Ningeipata mapema yasingetokea haya ninayokuandikia. Nthofeela ameshashuka. Aliondoka tarehe nne na cheti chake ndani ya plastiki, mama yake akamfunga blanketi jipya, ukoo mzima ukamsindikiza kituoni. Unajua kwa nini anaitwa Nthofeela, kitu tu, kisicho na thamani: wakubwa zake watatu walikufa wachanga, wakampa jina baya ili kifo kimdharau. Ndiye pekee waliyebaki naye. Mpokee. Alale kwako. Wale watano nimewazuia.

Barua sikuichoma. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Mafundi wa miaka tisa wanalipwa ujira wa wanaojifunza, na wanaotaka kujifunza hawana wa kuwafundisha! Huo siyo ujanja wa biashara, ni wizi, na umefanywa mchana kweupe kwa desturi ya ndoa zetu. Wametumia hata majina tuliyopewa na wakwe!

Lakini na wewe, Puseletso. Ulitia saini? Watu arobaini mlioijua kazi, mkisimama pale getini na kukataa, wangemwajiri nani? Mlicheka!

Niandikie haraka habari za mtoto wa watu.

Shangazi yako.

*

Maputsoe, 7 Juni 2009

Shangazi,

Amani. Nthati ameanza kuota meno mapya. Baridi imeingia. Habari nyingine si nzuri, na nitaziandika zote mara moja.

Nthofeela alifika salama. Alikwenda getini na cheti chake. Kelello akakisoma, akacheka, akamrudishia. "Mdogo wangu, hapa tunataka wasiojua. Rudi kesho ukiwa hujui." Akarudi kesho yake hajui. Cheti amekificha chini ya godoro kwangu, kama mtu anayeficha bangi.

Wakamkalisha jirani yangu, kwenye mashine ya umeme. Kule kwako cherehani ni za kukanyaga kwa miguu, kitambaa kinatembea taratibu. Hii ukiigusa tu inakimbia. Ile kinga ya vidole iliyokuwa mbele ya sindano wameiondoa ili kazi iende upesi. Zamani tulikuwa na mwalimu kwenye laini, mama mmoja mzee, kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya wageni na kuwagonga mikono. Alifutwa pamoja nasi. Sasa laini nzima inaitwa ya wanagenzi na hakuna mtu anayefundisha. Sisi tunaojua tunajifanya hatujui, na wao wasiojua wanatutazama sisi waige. Wanaiga makosa yetu ya uongo, Shangazi. Nimemwona Nthofeela akiupinda mshono kwa sababu mimi nimeupinda.

Jioni nyumbani namweleza kwa mdomo, namchorea kwenye karatasi. Lakini mashine haijifunzwi kwa kuchorewa. Kazini siwezi hata kumwambia ondoa mkono. Ningemwambia, ningekuwa nimejitaja.

Jumatano sindano ilimpita kidole cha shahada, kwenye kucha, ikanasa upande wa pili. Mashine ikazimika. Hakupiga kelele, aliguna tu kama ng'ombe. Ukiwa unajua, unazungusha gurudumu la pembeni kwa mkono, sindano inapanda, kidole kinatoka. Kelello akapiga ukelele, "Nani anajua kuitoa? Nani anajua?" Mwishowe mtu akazungusha.

Kidole hakikukatwa. Amefungwa bandeji, wamempa siku tatu, anarudi Jumatatu. Anaogopa kurudi. Anaogopa zaidi kutorudi. Hataki mama yake aambiwe.

P.

*

Mokhotlong, 28 Juni 2009

Puseletso,

Theluji imefika dirishani. Barua hii itaondoka Mungu anajua lini. Sisi wazima.

Unaandika "mtu akazungusha". Mtu gani? Na "mwishowe" ni baada ya muda gani? Wewe ulikuwa umekaa jirani yake.

Nimemwandikia mkaguzi wa kazi. Najua ulinikataza. Sikutaja jina lako wala la mtu mwingine, nimetaja laini tu, na kidole. Nilipaswa kukaa kimya mpaka iwe mkono? Mimi siwezi kukaa kimya, sikuumbiwa hivyo, na kama ni kosa basi ni kosa langu.

Mama yake Nthofeela anakuja kila Jumapili baada ya ibada kuuliza kama kuna barua. Namwambia barabara imefungwa.

Shangazi yako.

*

Maputsoe, 19 Julai 2009

Shangazi,

Watu wote wazima.

Umetuua. Kuna tangazo limebandikwa mlangoni: mkaguzi anakuja tarehe 17 Agosti kuangalia mafunzo ya wanagenzi. Siku sita kabla ya muda wangu kwisha. Meneja amemwita kila mmoja wetu ofisini na kumwonyesha karatasi yake yenye saini. Alielekeza kidole tu kwenye ule mstari wa mwisho, wa kushtakiwa, kisha akasema, "Asante, rudi kazini." Wawili wameacha kazi. Mmoja ameniuliza barua zangu za Mokhotlong zinatoka kwa nani, nikamwambia kwa mama mkwe.

Umeuliza ni nani na ni baada ya muda gani. Nilizungusha mimi. Kabla ya hapo nilikaa na mikono mapajani, nikahesabu. Sijui kwa nini nilihesabu. Nadhani nilikuwa nasubiri mwingine anyanyuke, maana watu kumi na wawili walioketi karibu walikuwa wanajua kama mimi, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Nilifika ishirini na tatu. Nthofeela alikuwa ananitazama muda wote huo. Kisha nikazungusha, nikasema, "Nimebahatisha tu." Kelello akasema, "Umebahatisha vizuri."

Sasa na mimi nina swali. Mtu wa chama cha wafanyakazi alituletea nakala ya taarifa ya kamati yenu ya mishahara, ili tujue haki zetu kabla mkaguzi hajafika. Kifungu cha mwanagenzi, cha kumlipa chini ya kima, sikuzote nilidhani kilitoka kwa wale wanaume wenye tai. Pembeni imeandikwa: pendekezo la Bi. 'Mamotebang Sefali, upande wa wafanyakazi.

Ni kweli?

Puseletso

*

Maputsoe, 18 Agosti 2009

Shangazi,

Mwezi mzima hujanijibu. Labda ni theluji. Dereva anasema mabasi mawili yamepita.

Jana mkaguzi alikuja. Ni mwanamke wa makamo, koti la kijani, miwani ya kamba. Alisimama katikati ya laini akauliza, "Nani anawafundisha hawa?"

Meneja akamwonyesha Kelello.

"Vizuri," mkaguzi akasema. "Bi. msimamizi, nifundishie mmoja. Yeyote."

Kelello hajawahi kushona maishani. Aliangaza huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, akamkamata Nthofeela, kwa sababu alikuwa karibu. Uzi ulikuwa umekatika, Kelello akajaribu kuutunga, akaupitisha kusiko. Akasema, "Haya, mdogo wangu, shona tu kama kawaida. Sukuma kitambaa." Akamshika mkono ule ule uliochomwa akausogeza mbele ya sindano. Nthofeela amejifunza kutii, si zaidi. Mguu wake ulikuwa unashuka.

Nikasema, "Ondoa kidole!"

Niliisikia sauti kama amesema mtu mwingine. Mashine zote zilinyamaza. Mkaguzi akageuka. "Wewe ni nani?"

Nikamwambia, "Naitwa Puseletso Ramathe, na 'Manthati Phafoli, ni mtu mmoja. Nina miaka tisa kwenye mashine hii." Nikaenda nikapiga magoti pembeni ya Nthofeela. Nikatunga uzi. Nikamwambia mguu uwe mwepesi, vidole viwe pembeni, kitambaa kivutwe kutoka nyuma na si kusukumwa kutoka mbele. Alishona mfuko mmoja. Ulinyooka.

Nilitazama nyuma nikitarajia wenzangu watasimama. Hawakusimama. Walikuwa wameinamia mashine zao, na siwalaumu, hata mimi ningeinama. Mmoja tu, yule aliyeambiwa akaolewe, alisema kwa sauti ndogo, "Mimi miaka sita." Basi.

Mkaguzi aliandika mambo mengi. Akaniambia kiwanda kitajibu, lakini na mimi nitajibu, kwa sababu nimetia saini tamko la uongo na yeye hawezi kulifumbia macho. Niende ofisi ya kazi Alhamisi tarehe 27, saa tatu asubuhi. Nimeuliza kama ni jela. Akasema hajui, haamui yeye. Getini wameninyang'anya kitambulisho changu. Meneja atakuja na mwanasheria, amesema hivyo mbele ya watu: atasema kiwanda kimedanganywa na wanawake wenye majina mawili.

Atasema hivyo na mimi nitakuwa peke yangu. Sijui kusema mbele ya watu kama hao. Wewe unajua. Shangazi, sikuulizi tena kama ni kweli. Nakuomba uje useme mle ndani kile kifungu kiliwekwa kwa ajili gani. Kama uliahidiwa kitu, uwaambie uliahidiwa nini.

Nthati ananiuliza kwa nini siendi kazini. Nimemwambia ni sikukuu. Naogopa sana.

Mtoto wako,
Puseletso

*

Mokhotlong, 24 Agosti 2009

Puseletso,

Barua hii inashuka leo na gari la hospitali. Mimi nashuka Jumatano na basi la kwanza, kama barabara haitafungwa tena. Nisipofika jioni ya Jumatano, jua kwamba niko juu kwenye theluji na ninakuja kwa miguu.

Ni kweli. Barua yako ya Julai ilifika, na mabasi mawili yalipita, na sikujibu. Nilikuwa naandika na kuchana. Mimi niliyewahi kumkatiza waziri katikati ya hotuba nilishindwa kumjibu mtoto wa kaka yangu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kamati. Wale wanaume walikuwa wamekubali kima kipya, kasoro jambo moja: wageni. Walisema hawatalipa mshahara kamili kwa mtu anayeharibu kitambaa, watafunga milango kwa kila asiyejua. Niliwaza wasichana wa huku juu, ambao hawana pa kujifunzia isipokuwa humo humo kiwandani. Na niliogopa kutoka mle ndani mikono mitupu, Puseletso. Huo ndio ukweli wote. Nikapendekeza mwenyewe: miezi sita, ujira pungufu, na wao wafundishe. Walitikisa vichwa kukubali. Wakanishika mkono. Nikatoka nikiimba.

Niliandika miezi. Niliandika ujira. Sikuandika ni nani atakayefundisha, nini, kwa siku ngapi, wala nani atahakikisha. Niliona aibu kudai zaidi baada ya kupewa. Niliwauzia bei ya chini ya mwanagenzi bila kudai wanipe mwalimu. Neno "wafundishe" lilisemwa mezani, kwenye karatasi halimo. Miaka yote hii nimekuwa nikijisifu kwa sheria ile, na nilikuwa nakufokea wewe kwa saini moja iliyokulishia mtoto. Yangu ilikuwa kubwa zaidi, na mimi sikuwa na njaa.

Nina kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wangu, zenye maneno waliyoyasema siku ile. Nitazisoma mbele ya meneja na mwanasheria wake, pamoja na kosa langu. Huenda wakasema ni karatasi za bibi mmoja aliyestaafu. Huenda wakawa sahihi. Sijui kama zitakusaidia, na sitakudanganya kwamba zitakusaidia. Najua tu kwamba hutaingia mle ndani peke yako.

Nilimwambia mama yake Nthofeela habari za kidole. Hakulia. Aliuliza nauli ni kiasi gani. Tunakuja wote wawili.

Tupokee kituoni, uje na Nthofeela ili mama yake amwone. Na ukiniona ninashuka kwenye basi nikitetemeka, usidhani ni baridi.

Shangazi yako,
'Mamotebang